Basi Halikuwa Chanzo: Kisa cha Trela Dogo Lililoyumba Mteremkoni

Gari dogo la abiria lenye uzito wa kilo 1,250 hivi lilikuwa likikokota trela la ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, lililobeba vigae vya sakafu, kompresa ya hewa na masanduku ya zana. Nusu saa ya kwanza, kwenye barabara tambarare na kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, hakukuwa na dalili ya hatari isipokuwa mtikisiko mdogo wa ubavuni ambao dereva aliudhania kuwa ni wa barabara. Kisha barabara ikaingia mteremko mrefu, mwendo ukapanda hadi kilomita 95 bila yeye kuongeza mafuta, na basi kubwa likampita. Trela likasukumwa kando, likarudi, likapitiliza upande wa pili, na ndani ya sekunde chache likawa linakwenda kushoto na kulia kwa nguvu iliyotosha kuvuta sehemu ya nyuma ya gari pamoja nalo. Dereva alijaribu kulituliza kwa usukani, na kuyumba kukazidi. Akakanyaga breki, kukazidi zaidi. Kilichomwokoa ni kwamba mteremko uliishia kwenye mwinuko: mwendo ulipungua wenyewe, trela likatulia, naye akaweza kuegesha kando ya barabara.

Hakuna aliyeumia wala kilichoharibika. Dereva alikaza upya mikanda ya mzigo, akamalizia safari kwa kilomita 50 kwa saa, na alipofika alieleza kisa kizima kwa sentensi moja: basi lilimpiga na upepo. Nilipata nafasi ya kulikagua trela kabla mzigo haujashushwa, na nililoliona linanifanya nikatae maelezo hayo. Basi lilifichua tu hali iliyokuwa imeshawekwa tangu wakati wa kupakia. Trela lililopakiwa sawasawa husukumwa na basi, hujitikisa mara moja au mbili, kisha hunyooka lenyewe bila dereva kufanya lolote. Kwa hiyo la kuulizwa ni kwa nini trela hili halikunyooka.

Jibu lilianza kuonekana mara tu trela lilipotenganishwa na gari. Mkono wa trela, yaani ile boriti ya mbele yenye kikombe kinachofunika tufe la chuma la nyuma ya gari, uliinuka kwa vidole viwili. Trela lenye mzigo wa mamia ya kilo lilikuwa limekaa juu ya ekseli yake bila kuegemea mbele hata kidogo. Tufe lenyewe lilisimulia zaidi: grisi ya juu ilikuwa nzima, lakini sehemu ya chini, pale ambapo kitasa cha kikombe hukumbatia tufe, ilikuwa imefutika na kuacha chuma kinachong'aa. Kwa muda mrefu wa safari ile, trela halikuwa likikandamiza gari, lilikuwa likilivuta kuelekea juu.

Vipimo vyake ni hivi. Kutoka kwenye tufe hadi kwenye ekseli ni mita 2.5. Sehemu ya kubebea mzigo ina urefu wa mita 2.4, kati yake mita 1.3 zikiwa mbele ya ekseli na 1.1 nyuma yake. Likiwa tupu, trela lina kilo 220, na kilo 22 kati ya hizo hukaa kwenye tufe. Vigae vilikuwa maboksi 10 ya kilo 25 kila moja, yaliyopangwa nyuma karibu na mlango kwa sababu ndivyo vilivyotakiwa kushushwa kwanza, na katikati ya rundo hilo palikuwa nusu mita nyuma ya ekseli. Kompresa ya kilo 90 ilisimama sentimita 20 mbele ya ekseli, na masanduku ya zana, kilo 60 kwa jumla, yalikuwa sentimita 90 mbele yake.

Hesabu inayohitajika hapa haizidi kuzidisha na kujumlisha. Kila mzigo huzidishwa kwa umbali wake kutoka ekseli, wa mbele ukihesabiwa kuwa chanya na wa nyuma kuwa hasi, kisha jumla hugawanywa kwa umbali wa tufe hadi ekseli. Trela tupu linatoa 55, kompresa 18, zana 54, na vigae vinaondoa 125. Kinachobaki ni 2, na ukigawanya kwa 2.5 unapata kilo 0.8. Kwa trela ambalo jumla yake ni kilo 620, gari lilikuwa limeegemewa na uzito usiofika kilo moja. Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba trela limekaa sawa na ardhi, hali ambayo haikuwapo: tufe la gari lilikuwa juu mno, na mkono wa trela uliinuliwa kwa kiasi cha sentimita 10. Kwa kuwa kitovu cha uzito wa trela na mzigo wake kilikuwa nusu mita hivi juu ya ekseli, mwinuko huo ulikisogeza nyuma kwa sentimita 2, jambo ambalo linaondoa kilo 5 nyingine. Ndipo grisi iliyofutika chini ya tufe inapoeleweka.

Kiasi kinachotakiwa kinajulikana. Kanuni inayotumika sana Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela kukaa kwenye tufe. Ulaya, ambako magari madogo mara nyingi huruhusiwa kilo 50 hadi 100 tu juu ya tufe na mwendo wa kukokota huwekewa mipaka ya chini zaidi (Ujerumani, kwa mfano, ni kilomita 80 kwa saa kwa gari dogo lenye trela lisilo na kibali maalumu), hutumika asilimia ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo hakuna kanuni ya upande wowote inayokubali sifuri. Kwa trela hili nilichukua shabaha ya asilimia 10 hadi 12, yaani kilo 62 hadi 74, kwa kuwa bamba la kiungo cha gari liliandikwa kikomo cha kilo 75.

Hapa dereva alikuwa na hoja ambayo inastahili kujibiwa kwa uzito wake. Trela ni lilelile, kompresa na zana ni zilezile, na alikuwa amezibeba mara nyingi kwa mpangilio uleule bila tatizo. Ni kweli, na hesabu inamuunga mkono: bila vigae, jumla ni 127, ambayo ni kilo 51 kwenye tufe kwa trela la kilo 370, karibu asilimia 14. Mpangilio wake wa kila siku ulikuwa mzuri kabisa. Kilichotokea ni kwamba mpangilio mzuri uliongezewa kilo 250 mahali palipobaki wazi, na mahali hapo palikuwa nyuma. Naamini hivi ndivyo visa vingi vya kuyumba huzaliwa, kwa mtu mwangalifu mwenye trela analolizoea, siku anapoongeza kitu kimoja kizito na kukiweka penye nafasi. Mazoea yake yalimwambia kweli kuhusu mzigo wa zamani, lakini hayakuwa na la kumwambia kuhusu mzigo mpya.

Kwa nini basi kilomita 70 zilivumilika na 95 hazikuvumilika? Tairi linalobiringika huzaa nguvu ya ubavuni pale tu linapoelekea upande mmoja huku likisogea upande mwingine kidogo, na ukubwa wa nguvu hiyo unafuata pembe iliyopo kati ya pande hizo mbili. Nguvu hiyo ndiyo inayotuliza trela. Tuchukulie trela linayumba kiasi kwamba ekseli yake inakwenda kando kwa mita moja kwa sekunde. Kwa kilomita 70 kwa saa, ambazo ni mita 19.4 kwa sekunde, pembe hiyo ni nyuzi 3 hivi. Kwa kilomita 95, ambazo ni mita 26.4 kwa sekunde, pembe inashuka hadi nyuzi 2 na kidogo. Yaani kuyumba kulekule kunapata breki hafifu zaidi kadiri mwendo unavyopanda, hadi unafika mwendo ambao breki hiyo haitoshi tena, na kutoka hapo kila bembeo linakuwa kubwa kuliko lililotangulia kwa nguvu inayochotwa kwenye mwendo wa gari lenyewe. Kila muungano wa gari na trela una kikomo chake cha aina hii. Mzigo ulioelemea nyuma hukishusha, na mwendo wa dereva wetu ulikivuka akiwa mteremkoni, mahali ambapo trela lisilo na breki zake hulisukuma gari badala ya kuvutwa nalo. Msukumo huo kupitia tufe nao huongeza kutotulia, kwa sababu kitu kinachovutwa hunyooka nyuma ya kinachokivuta, lakini kinachosukuma hutafuta kupita kando.

Mtikisiko mdogo ambao dereva aliusikia kwenye tambarare ulikuwa onyo halisi. Trela lilikuwa linachelewa kutulia, na lilikuwa likisema hivyo mapema kabla ya mteremko. Mtu akihisi nyuma ya gari ikitikiswa ubavuni kwa mpigo unaojirudia, tena mpigo unaoendelea hata baada ya kupita kilichouanzisha, anapaswa kupunguza mwendo hapohapo na kusimama penye usalama kuangalia mzigo.

Nirudi kwenye usukani na breki, kwa maana hapa ndipo watu hufa. Bembeo moja kamili la trela dogo huchukua sekunde moja hadi mbili hivi. Dereva anahitaji sehemu kubwa ya sekunde ili aone, aamue na mikono igeuze usukani, na baada ya hapo gari nalo linahitaji muda wake kuitikia. Kwa hiyo usukani uliogeuzwa kushoto ili kurekebisha trela linalokwenda upande mmoja hufika wakati trela limeshaanza kurudi, na badala ya kulizuia unalisindikiza, kama mtu anayesukuma bembea kila inapoanza kuondoka kwake. Dereva hakuwa mzembe, alifanya kile ambacho mwili wa kila dereva humwambia afanye. Breki za gari nazo zilimwongezea hatari kwa njia nyingine: gari lilipunguza mwendo, trela lisilo na breki likaendelea kuja, na msukumo kwenye tufe ukaongezeka wakati trela limekaa mshazari. Hali hiyo ikizidi, gari na trela hukunjana.

Kinachofaa kufanywa ni kidogo na kigumu: kutoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani imara ukiwa umenyooka, na kuacha mwendo ushuke wenyewe. Ikiwa trela lina breki za umeme zenye swichi ya kuzitumia peke yake kutoka kwa dereva, hizo ndizo za kutumiwa, kwa sababu trela linaloshika breki nyuma ya gari hunyoosha muungano wote. Trela la kisa hiki halikuwa nazo. Kuongeza mafuta ili kulinyoosha trela, ushauri ambao bado husikika, kunampeleka mtu kwenye mwendo uleule ambao tatizo lake limo, na mteremkoni sioni namna ya kuutetea. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana mfumo wa kielektroniki unaotambua kuyumba kwa trela na kushika breki za gurudumu mojamoja kwa kasi ambayo hakuna mguu wa mtu unaoweza kuifikia. Ni mfumo mzuri, lakini hauongezi hata kilo moja kwenye tufe.

Kuhusu alichofanya baada ya kuegesha, kupunguza mwendo hadi kilomita 50 kulikuwa uamuzi sahihi. Kukaza mikanda hakukuwa na uhusiano na tatizo, kwa kuwa mzigo haukuwa umehama. Alikuwa na dawa mikononi mwake palepale kando ya barabara: kuhamisha maboksi manne ya vigae mita moja mbele kungeongeza kilo 40 kwenye tufe, kazi ya dakika chache kwa mtu mmoja.

Ukaguzi ulitoa kasoro nyingine ambazo nazitaja kwa kifupi kwa sababu naona zilichangia bila kuwa kiini. Tairi la kushoto la trela lilikuwa na upepo wa bari 1.6 badala ya 2.5 zilizotakiwa, na tairi laini hupinda kwenye kuta zake kabla ya kuzaa nguvu ya ubavuni, kwa hiyo nalo lilipunguza ule utulivu uliokuwa tayari haba. Urefu wa tufe nimeshausema. Lilibadilishiwa kishikizo cha chini zaidi hadi mkono wa trela ukalala sawa. Saizi ya tufe na kikombe zilikubaliana, jambo linalohitaji kuhakikishwa kwa kusoma maandishi kwenye vyote viwili, kwa kuwa tufe la inchi 1 na 7/8 huingia bila shida kwenye kikombe cha inchi 2 na kuonekana limekaa. Minyororo ya usalama ilikuwepo na ilipishana chini ya mkono kama inavyotakiwa. Uzito wa trela ulikuwa ndani ya mipaka ya gari, ingawa ulikaribia nusu ya uzito wa gari lenyewe, kiwango ambacho kwa trela lisilo na breki si cha kuvukwa.

Mpangilio mpya ulianza na vigae, kwa kuwa ndivyo vizito kuliko vyote. Viliwekwa chini kabisa, karibu na ekseli na mbele yake kidogo, katikati ya rundo ikiwa sentimita 25 mbele ya ekseli. Kompresa ikasogezwa mbele ya vigae, sentimita 80 kutoka ekseli, na masanduku ya zana yakawekwa nyuma ya vigae, sentimita 40 nyuma ya ekseli. Hesabu ikatoa kilo 66, karibu asilimia 11. Tulithibitisha kwa mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili: trela kwenye sakafu tambarare, magurudumu yakiwa yamewekewa kabari, kipande cha mbao kikisimamishwa wima juu ya mizani na mkono wa trela ukilazwa juu yake kwa urefu uleule unaokaa ukiwa kwenye tufe. Mizani ilikubaliana na hesabu kwa tofauti ndogo isiyo na maana. Kwa mtu asiyetaka hesabu, mizani peke yake inatosha, nami ningeomba kila mwenye trela awe na mazoea ya kuitumia kila mzigo unapobadilika.

Ipo njia ya kupata kilo hizohizo 66 ambayo ningeikataa. Dereva alipendekeza vigae vigawanywe, nusu mwisho kabisa wa mbele na nusu mwisho wa nyuma, ili visawazishane na kuacha katikati wazi kwa kompresa. Mizani ingeridhika, lakini trela lisingeridhika. Uzito unaokaa mbali na ekseli ni mgumu kuanza kuzunguka na mgumu vilevile kusimamishwa, na ugumu huo hukua kwa mraba wa umbali: kilo 250 zilizogawanywa mita moja mbele na mita moja nyuma zina ukaidi wa 250 kwa kipimo cha kilo na mita za mraba, ilhali kilo zilezile zikiwa wastani wa sentimita 30 kutoka ekseli zina takriban 23. Trela lenye vigae vilivyogawanywa likianza kuyumba, matairi yaleyale yanapaswa kutuliza ukaidi wa vigae ulio mara kumi. Kwa hiyo masharti ni mawili, si moja: uzito wa kutosha mbele, na vizito vyote vikae karibu na ekseli na chini.

Aliulizia pia kifaa cha msuguano kinachofungwa kati ya gari na mkono wa trela ili kuzuia kuyumba. Vifaa hivyo hufanya kazi yake, na kwa trela refu lenye ubavu mpana unaoshika upepo naviunga mkono. Kwa trela dogo la wazi lililopakiwa vibaya, kifaa kingeongeza mwendo ambao kuyumba kunaanzia, na dereva angelikuta tatizo lilelile kwenye mwendo mkubwa zaidi. Nilimshauri asinunue.

Shehena ya pili ya vigae, ya uzito uleule, ilisafirishwa kwa mpangilio mpya na kwa barabara ileile. Dereva alijiwekea kikomo cha kilomita 80 kwa saa, akaingia mteremkoni kwa gia ya chini ili injini ishikilie mwendo badala ya breki. Lori lilimpita karibu na mahali palepale. Trela lilisukumwa, likarudi mara moja na kunyooka, usukani ukiwa umeshikwa bila kugeuzwa.

Limebaki suala la kushusha, ambalo ndilo lililovipeleka vigae nyuma tangu mwanzo. Kila kinachoshushwa njiani hubadilisha uzito wa mbele. Katika mpangilio mpya, vigae vyote vikishushwa kwanza, kompresa na zana zinabakiza kilo 41 kwenye tufe kwa trela la kilo 370, asilimia 11, na safari inaendelea bila kugusa kitu. Kompresa ikishushwa kwanza, zinabaki kilo 37 kwa trela la kilo 530, asilimia 7, kiasi kidogo mno kwa mteremko ule. Masanduku ya zana yakihamishiwa mbele mahali ilipokuwa kompresa, tufe linarudi kwenye kilo 66.